Mgonjwa "ametulia", au amechoka kukaa bure?

Dada uliyeuliza kuhusu kaka yako aliyelazwa wodi ya akili: yeye anasema kukaa bure kunammaliza, wauguzi wanasema ametulia. Mimi ni muuguzi wa wodi kama hiyo kwa miaka mingi, na ningeanza kwa kumwamini kaka yako.

"Ametulia" ni neno rahisi kuandika kwenye faili. Kinachoonekana wodini ni hiki: foleni ya dawa inaanza nusu saa kabla ya muda, si kwa kupenda dawa, bali hakuna tukio jingine la kusubiri. Mtu analala mchana kutwa, usiku anakodoa macho, anaomba dawa ya usingizi, kesho yake anaamka mzito. Halafu tunaandika "amejitenga, hana ari", kana kwamba ugonjwa umezidi.

Haya si maoni yangu tu. Miaka ya 1960, watafiti John Wing na George Brown walifuatilia wagonjwa wa muda mrefu wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaovuruga fikra) katika hospitali tatu za Uingereza. Kilichoendana zaidi na nafuu kilikuwa kupungua kwa saa za kukaa bila kufanya chochote.

Lakini usikubali kujibiwa kwamba televisheni ipo. Televisheni huwaka tangu asubuhi na hakuna anayeitazama, labda wakigombania rimoti. Mtu anataka kitu kinachomtegemea yeye. Tulikuwa na mgonjwa aliyewahi kuwa karani wa ghala, akapewa daftari la kuhesabu shuka za kufuliwa. Siku moja shuka zilipopungua mbili alitufuata hadi chumba cha dawa, anadai maelezo. Mtu ambaye wiki nzima hakuwa ametamka sentensi! (Kazi ya namna hiyo isigeuzwe kibarua cha bure, na mgonjwa awe na haki ya kuikataa.)

Tahadhari moja. Kama kaka yako hawezi kukaa kabisa, anatembeatembea na kukanyagakanyaga hata akiwa na mgeni au anacheza drafti, huenda ni madhara ya dawa, na daktari aambiwe mapema. Aliyechoshwa tu mara nyingi huchangamka kukiwa na jambo. Si kipimo cha uhakika, maana sonona nayo hufanana na haya, ila ni taarifa ya kumpa daktari.

Ukiongea na wauguzi usiulize "anaendeleaje?" Uliza, "Jana kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri alifanya nini?" Wakikosa jibu, omba mtaalamu wa tiba kwa shughuli amwone. Na wewe kwenye simu mpe jambo la kuamua, hata dogo: akuchagulie rangi ya ukuta, akukumbushe namna ya kurekebisha kitu alichokuwa akikirekebisha yeye nyumbani. Kisha kesho mpe mrejesho.

Ukiweza, mtembelee wikendi. Siku za kazi angalau kuna raundi ya madaktari.