Maumbo "yanafanana", "yanalingana" au "yanawiana"?

Swali: Mwanangu hufundishwa hesabu kwa Kiingereza, lakini jioni hunitaka nimweleze kwa Kiswahili. Nilimwambia kwamba mstatili mdogo na mkubwa kitabuni mwake "inalingana". Jirani yetu aliye mwalimu akanisahihisha kuwa "inafanana", na mjomba wa mtoto akashikilia "inawiana". Tushike lipi? (Mzazi, Likoni)

Jibu: Vitenzi vyote vitatu vina umbo la kutendana, kwa hiyo si ajabu mkavichanganya. Hesabuni, hata hivyo, kila kimoja kina kazi yake. Maumbo hulingana yanapokuwa na sura moja na vipimo vile vile, hata ukiliweka moja juu ya jingine hapana linalozidi. Hufanana yanapokuwa na sura moja, ijapokuwa moja ni kubwa na jingine ni dogo. Kuwiana ni kwa vipimo: maumbo yakifanana, pembe zake ni sawa na pande zake huwiana. Jirani yenu basi yuko sahihi, na mjomba angekuwa sahihi pia lau angalisema "pande zake zinawiana".

Ugumu umo katika kufanana, kwa sababu nje ya darasa neno hili ni jepesi mno. Tunasema mtoto kafanana na babake bila ya mtu kupima pua. Chukua leso (kanga) uliyoinunua Biashara Street, ambayo bado haijakatwa. Vipande vyake viwili vinalingana, na ndiyo maana ukivikunja pamoja ncha hukutana. Sasa tandaza kipande kimoja, tuseme cha urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110, chenye pindo la sentimita 15 lililozunguka pande zote. Mji wake, yaani sehemu ya kati iliyozungukwa na pindo, utakuwa sentimita 120 kwa 80. Kwa macho, mji huo umefanana na leso yenyewe, na sidhani kama kuna muuza leso atakayebisha. Kihesabu haufanani nayo.

Ili ufanane, upana wa mji uwe katika uwiano ule ule na upana wa leso kama ulivyo urefu kwa urefu. Upana tusioujua tuuite u, kisha tuandike:

u ÷ 110 = 120 ÷ 150

Upande wa kulia ni 4 kwa 5, yaani 0.8, kwa hiyo u ni 110 × 0.8, sawa na sentimita 88. Mji wenye upana wa 80 umepungukiwa na sentimita 8. Kama mshonaji angetaka mji ufanane na leso, pindo la juu na la chini lingekuwa la sentimita 11 huku la ubavuni likibaki 15.

Hapa ndipo lugha inapomponza mtoto. Ukimwambia "punguza pande zote sawasawa", ataondoa sentimita 30 kwenye urefu na 30 kwenye upana, na kwa Kiswahili cha kila siku atakuwa amekutii. Mwambie "punguza kwa uwiano mmoja", naye atajua kwamba kinachotakiwa ni kuzidisha kila upande kwa namba ile ile. Mimi ningeliepuka kabisa neno "sawasawa" katika somo hili.

Chungeni pia hiyo "kwa", maana ina kazi mbili. Katika "leso ya 150 kwa 110" inataja urefu na upana wa kitu kimoja. Katika "uwiano wa 4 kwa 5" hapo juu inalinganisha upande wa mji na upande wa leso unaoukabili. Mwanao akikutajia uwiano, kabla hajaanza kukokotoa muulize: kipi kwa kipi?