Wifi yako hajaja likizo

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mpare wa Same, nimeolewa Kibosho, Uchagani, mwaka wa 8 sasa, nina watoto watatu na nauza mitumba soko la Memorial, Moshi. Mume wangu ni kitinda mimba, kwa hiyo ndiye aliyebaki kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha baba yake. Mama mkwe yuko hapa hapa, nyumba ya juu. Mwanzoni mwa Juni, shule zilipofungwa, dada wa mume wangu alikuja kutoka Tabata, Dar, na watoto wake wawili. Akasema wamekuja likizo, wiki 2 tu. Leo ni wiki ya 8. Shangazi, nyumba yangu imejaa kama stendi. Mchele kilo 5 haumalizi siku 3. Yeye kazi yake kula na kulala, na kushonashona kwa cherehani aliyokuja nayo. Siku aliponunua mtungi wa gesi alihakikisha kila mtu ameuona. Simu yake haiishi kuita, naye anakwenda kuipokelea migombani. Usiku anakaa na mume wangu sebuleni wanaongea Kichaga nisichokielewa, na nikiwakuta na mama mkwe jikoni wananyamaza. Nilipougua 2021 nikapelekwa Dar nilikaa kwake miezi 3, sikatai, lakini ule ulikuwa ugonjwa, hii ni starehe. Nimeweka kufuli stoo ya nyumba yangu, mume wangu kanuna wiki nzima. Sasa wifi ameanza mpaka kupalilia kahawa upande wa chini. Nimwambieje aondoke kwenye nyumba yangu bila kugombana na mume wangu? Niliyechoka, Kibosho."

Marahaba, mwanangu. Pole. Watu 8 chini ya bati moja, na wewe alfajiri unadandia Hiace kuwahi fungu la mitumba, si mchezo. Pole hiyo itunze vizuri, maana leo sina nyingine.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma ulivyotaka niisome, nikamwona mwanamke mvivu wa mjini aliyejilaza kwenye kochi lako. Mara ya pili nilishika kalamu, nikaanza kupigia mstari vitu ulivyoviandika bila kuvitazama.

Tuanze na majira. Mchaga wa Dar akitaka kupumzika nyumbani huja Desemba, wakati nchi nzima inawatania kwamba wamekwenda kuhesabiwa. Anachinja, anakunywa mbege, anapiga picha na bibi, Januari anarudi mjini na mkungu wa ndizi kwenye buti. Juni na Julai huku kwetu ni baridi na manyunyu. Kibo yenyewe, kilele cha Kilimanjaro, na mita zake 5,895 inaweza kujifunika blanketi la mawingu tangu asubuhi mpaka jioni, na sare za watoto zinakaa kambani siku mbili hazijakauka. Wanaokuja miezi hii kwa raha zao ni Wazungu, kwa kuwa kwao ni kiangazi na shule zimefungwa, nao wanakuja kupanda mlima. Wifi yako umemwona na fimbo ya kupandia mlima?

Halafu shule. Zilifungwa Juni, sawa. Julai zimefunguliwa. Watoto wenzao wa Tabata wako darasani wanaimba jedwali la kuzidisha, hawa wawili wako Kibosho wanachunga mbuzi. Wewe mama wa watoto watatu hukujiuliza hilo hata kidogo? Umejua mchele umepungua kilo ngapi, hujajua watoto wamekosa masomo wiki ngapi.

Na cherehani! Mwanangu, nani anasafiri kilomita zaidi ya 500 kwenda likizo amebeba cherehani? Mtu anayekwenda kupumzika anabeba kanga na mafuta ya kujipaka. Anayebeba cherehani amebeba chombo cha kumlisha. Ongeza na simu inayoita bila kukoma, ambayo haipokelewi mbele za watu, na shemeji yako wa Tabata ambaye katika barua yote hii ndefu hayumo hata kwa jina. Hajaja, hajasalimia, hajatuma nauli ya kurudi.

Wifi yako ameondoka kwa mume wake. Neno likizo aliliazima ili aweze kupita getini kichwa kikiwa juu.

Mumeo anajua. Mama mkwe anajua. Hayo ndiyo mazungumzo ya usiku, na ndiyo maana ukitokea jikoni watu wananyamaza. Unaniuliza kwa nini wewe hukuambiwa? Jibu lake limening'inia kwenye mlango wa stoo. Mtu aliyeachika, au anayekaribia kuachika, hawezi kwenda kumwaga siri yake kwa anayemhesabia vikombe vya mchele. Na mumeo naye, kwa kuwa leo nimekaa upande wa dada yake asidhani amepona: kukuficha jambo kubwa hivyo wiki 8 ni woga. Alipaswa kukuketisha siku ya tatu tu. Ameona bora anune.

Kuhusu Kichaga, niache nicheke kidogo. Miaka 8 unalala Kibosho, unazaa Kibosho, na bado hukielewi? Mimi pia ni Mpare, niliolewa na Mmachame, mwaka wa pili nilikuwa nawasikia mawifi wakinisema nikawajibu kwa lugha yao. Usiyeielewa lugha ya nyumba yako kila mazungumzo utayasikia kama njama. Na sisi Wapare tunasingiziwa ubahili vya kutosha na hawa watani zetu, usiende kuwaletea ushahidi wenye ufunguo.

Sasa ule mstari wa 2021. Umeuchomeka katikati ya gesi na kufuli, haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya anayemdai. Miezi 3 ulikaa Tabata. Ni nani alikupikia uji? Nani alikusindikiza kliniki, akapanga foleni, akakufulia shuka? Umesema ule ulikuwa ugonjwa. Na huyu je, unadhani mwanamke anayepokea simu akiwa amejificha nyuma ya mgomba ni mzima? Yako yalionekana kwenye karatasi za daktari. Yake hayaandikwi popote.

Nikaendelea kupiga mistari mpaka nikafika mwisho wa barua, pale kwenye kahawa, na hapo nikakuelewa. "Nyumba yangu" umeandika mara tatu. Mchele, gesi na kochi ni vumbi la kuficha nyayo. Kinachokunyima usingizi ni kihamba. Umemwona na jembe upande wa chini, ukahesabu: mume wangu ndiye kitinda mimba, mila imempa yeye nyumba ya wazazi, huyu sasa anataka nini humu?

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hukumpa, kalitafuta mwenyewe, na bado amekukosea! Hiyo kahawa unayoilinda ameichuma tangu akiwa msichana mdogo. Amekata majani ya ng'ombe wa nyumba hiyo, amebeba samadi kichwani kupeleka kwenye hiyo migomba, wewe ukiwa bado Same unacheza rede. Vyaelea vimeundwa, na mmoja wa waundaji ndiye huyo unayemfungia stoo. Halafu kama unategemea mila ikukinge, tambua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Sisemi anakuja kugawana. Pengine anapalilia ili mikono iwe na kazi usiku ukifika alale. Lakini hata akiomba vyumba viwili vya kujengea pale chini, mwenye kusema ndiyo au hapana ni mama yake na kaka yake. Wewe utaombwa maoni, na uyatoe kwa adabu.

Nisikasirike na wewe peke yako, kwa kweli. Nalaumu ndoa za siku hizi. Mtoto wa kike anachangiwa mamilioni, kamati inakaa vikao kumi na mbili, kicheni pati inafanyika na ya pili ya majirani, somo anasimama mbele anazungusha kiuno kwa saa nzima kumfundisha mambo ambayo bibi harusi ameshayajua. Hakuna hata mmoja anayesimama kumwambia: siku moja dada wa mume wako atarudi nyumbani na mabegi, utampokeaje? Siku ya harusi ulipofika mbele ya ndafu ukamlisha wifi kipande cha kwanza, kamera zikaangaza, ukumbi ukapiga vigelegele. Yule uliyemlisha nyama mbele ya watu 400 ndiye huyu unayemfichia sukari. Familia siku hizi imekuwa baba, mama, watoto wawili na king'amuzi. Mtu wa tano akiingia anaitwa mzigo. Halafu mama huyo huyo akipata msiba anataka ukoo mzima ujae uani na sufuria zake! Nikianza habari hii sitamaliza, tuiache.

Huko mlimani mnakokaa wazee wanasimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Mawenzi moto wake ulikuwa ukizimika, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Akaenda, akarudi, akaenda tena, mpaka Kibo akachoka, akashika mchi akampiga, na ndiyo maana mpaka leo kilele cha Mawenzi kimepasukapasuka. Watu wakiisimulia humcheka Mawenzi. Mimi tangu utotoni nilikuwa nauliza swali moja ambalo hakuna mzee aliyenijibu: moto wa Mawenzi ulikuwa unazimwa na nini?

Naongea kwa ukali kwa sababu nilishashika mchi huo. Mwaka 1989 mdogo wa mume wangu alikuja kwetu Majengo na begi moja, akasema amekuja kutembea. Nilikuwa nampimia unga kwa kikombe, tena kile kidogo. Akakaa mwezi, siku moja akaondoka alfajiri bila kuaga. Miaka ilipita ndipo nikajua alikuwa amefukuzwa kazi na aliona haya kumwambia kaka yake. Ni mtu mwema, hanisemi vibaya. Ila mpaka leo akija kwangu huja ameshakula.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi usiende Memorial, fungu la wiki moja halitakufilisi. Watume watoto wote kwa bibi yao. Pika mtori, si chai ya rangi, mtori wenye nyama, mkae wawili. Muulize: "Wifi, kuna nini Tabata?" Akisema hakuna kitu, usimkatalie, mwongeze bakuli la pili. Ataongea. Akianza kuongea usimkatize na habari za mchele, na akilia usimwambie avumilie kwa ajili ya watoto. Maneno hayo ameshaambiwa na wengi.

Akikwambia anapigwa, mjue wote wawili kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na kwamba polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Kama wanataka kuyazungumza, au kama anataka talaka, kuna baraza la usuluhishi wa ndoa, na kwa kawaida mahakama itauliza kama wamepita huko kwanza. Asiende peke yake. Kaka yake aache kununa amsindikize.

Watoto ndio wasisubiri kikao cha mtu yeyote. Jumatatu nendeni kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapo karibu mkaulize taratibu za uhamisho. Za serikali hazina ada, kwa hiyo usiniambie habari ya gharama. Kama mmoja yuko darasa la 4 au la 7 ana mtihani wa taifa mwaka huu huu, na wewe unahesabu vikombe.

Ulishawahi kufikiri kuhusu cherehani hiyo lakini? Unauza mitumba. Magauni mangapi unayarudisha nyumbani kwa sababu kiuno ni cha Mzungu mnene au zipu imekufa? Fundi unaye sebuleni, tena anajilipia gesi. Mwekeeni meza, mapatano yenu yawe wazi, kila nguo aliyoirekebisha apate chake, na kuanzia hapo mchele mchangie. Hiyo ndiyo njia ya kupunguza mzigo, wala haihitaji mtu kufukuzwa. Nusu ya malalamiko yako ingeisha Agosti.

Lakini kabla ya hiyo Jumamosi, Ijumaa jioni, yeye akiwa anaona, toa kufuli. Usitoe hotuba wala usiseme ulikuwa unaogopa panya. Litoe tu, uliweke kwenye mkoba wako. Jumatatu ukienda sokoni uliuze, makufuli mazuri Memorial hayakosi mteja.