Maswali Yenu: Kadi ya Kijani kwa Njia ya Uwekezaji

SWALI: Wakala ameniambia nikitoa dola 800,000 Marekani itanipa kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) mimi na familia yangu. Pesa hiyo nailipa wapi? Na inarudi? (Msomaji, Nyali, Mombasa)

JIBU: Hailipwi serikalini. Mpango huo ni EB-5, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, na mtaji unaingia kwenye biashara halisi inayotakiwa kuzalisha ajira 10 za kudumu kwa kila mwekezaji, kila moja ya saa 35 kwa wiki au zaidi. Kiwango cha kawaida ni dola 1,050,000. Kinashuka hadi 800,000 pale mradi unapokuwa kijijini, au kwenye eneo ambalo ukosefu wa ajira umefika asilimia 150 ya wastani wa taifa, au ukiwa wa miundombinu ya umma. Sheria ya Machi 2022 ndiyo iliyoweka viwango hivyo, na imepanga vipandishwe kufuata mfumuko wa bei kuanzia Januari 2027.

Wengi hupitia kituo cha kanda, yaani kampuni iliyosajiliwa na idara ya uhamiaji (USCIS) kukusanya mitaji ya wawekezaji wengi. Kituo hupeleka kwanza faili la mradi kwa fomu I-956F, kisha wewe unapeleka ombi lako kwa fomu I-526E. Ombi likikubaliwa, unafuata usaili wa ubalozini, na kadi unayopewa ni ya masharti, ya miaka 2. Ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha lazima upeleke I-829 kuthibitisha kwamba mtaji ulitumika na ajira zilipatikana. Ukipitisha tarehe hiyo bila sababu nzito, unapoteza ukaazi.

Kuhusu kurudi: wakala anayekuandikia mkataba wa kurudishiwa mtaji kwa uhakika anakuharibia ombi, maana sheria inataka mtaji uwe kwenye hatari ya kupotea. Hatari hiyo ni ya kweli. Mwaka 2016 tume ya masoko ya mitaji ya Marekani iliwashitaki waendeshaji wa miradi ya Jay Peak, jimbo la Vermont, iliyokuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 350 kutoka kwa wawekezaji wa EB-5. Kabla hujasaini, uliza nani anashika akaunti ya amana ambamo pesa inakaa kwanza, inatoka humo kwa masharti gani, na mkopo wa benki kwenye mradi huo unalipwa kabla yako au baada yako.

Jambo moja zaidi. Tangu 2025 matangazo ya Rais wa Marekani yamezuia au kubana viza kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo. Ombi kukubaliwa na USCIS hakukuvushi kizuizi hicho. Angalia hali ya pasipoti yako kabla ya kutuma hata senti.

SWALI: Nina duka la jumla, na mwaka jana tuliuza kiwanja cha marehemu baba. Sehemu ya pesa ilipita kwa kaka yangu, nyingine nililipwa taslimu. Je, taarifa ya benki inatosha? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

JIBU: Haitoshi, na hapa ndipo maombi mengi ya kwetu yanapokwama. Taarifa ya benki inaonyesha kwamba pesa ipo. Afisa anataka kujua ilizaliwa wapi na ilipita mikononi mwa nani hadi kufika kwenye akaunti ya mradi, bila pengo.

Kwa kiwanja chako, anza na cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Fuatisha hati miliki, mkataba wa mauziano, risiti za kodi ya mauzo hayo, na mgao wa warithi uliosainiwa. Kisha onyesha pesa ikiingia benki kwa tarehe na kiasi kinacholingana na mkataba.

Kulingana ndiko kunakosumbua. Tuseme mkataba umeandikwa shilingi milioni 400 ili kodi ipungue, na benki zimeingia bilioni 1.2. Kwa afisa, milioni 800 hazina baba wala mama. Ukisema mkataba ulidanganya, umekiri kukwepa kodi. Ukinyamaza, pesa hiyo haihesabiwi. Tunakushauri kwa nguvu zote: kama bei iliyoandikwa si bei halisi, usiutegemee uuzaji huo. Tafuta chanzo kingine.

Pesa iliyopita kwa kaka inahitaji maelezo yake: alishika kama mwakilishi, alikukopesha, au alikupa? Kama ni zawadi, yeye naye anathibitisha alivyoipata. Mkopo unakubalika, ilimradi nao uwe na asili halali. Za taslimu zitafutiwe stakabadhi za siku ileile. Pesa iliyovuka kwa hawala bila karatasi ni vigumu sana kuiokoa.

Kwa duka, sheria inataka ritani za kodi za miaka 7. Mauzo uliyoripoti kwa mamlaka ya mapato (TRA) yakiwa madogo kuliko akiba unayodai kuweka, tegemea barua ya kudai ushahidi zaidi. Muda wa kuijibu hauzidi wiki 12 na hauongezwi, nawe bado unafukuzia nakala mahakamani na ardhi. Kusanya kila kitu kabla ya kupeleka ombi.

Mawili husahaulika sana. Ada ya uendeshaji inayotozwa na kituo cha kanda nayo lazima ithibitishwe asili yake, sawa na mtaji wenyewe. Na kila karatasi ya Kiswahili iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza yenye tamko lililosainiwa na mfasiri, pamoja na yaliyo kwenye mihuri.

SWALI: Kijana wetu ana miaka 19. Mume wangu alizaliwa Gujarat, mimi Kisumu. Tutawahi? (Mama, Nairobi)

JIBU: Mtoto anahesabiwa akiwa chini ya miaka 21 na hajaoa, lakini muda ombi linapokaa mezani unatolewa kwenye umri wake. Likikaa miaka 3 na viza zikawa wazi, 22 inasomeka 19. Viza zisipokuwa wazi, umri unaendelea kukimbia.

Foleni ya viza hufuata nchi ya kuzaliwa, si pasipoti, na India na China ndizo zenye foleni ndefu. Ila sheria inaruhusu mume kuhesabiwa kwa nchi ya mke mnapohamia pamoja, kwa hiyo ombeni mhesabiwe kwa Kenya. Pia miradi ya vijijini ina fungu lake la asilimia 20 ya viza, na maombi yake hupewa kipaumbele.

SWALI: Sina dola laki nane. Kuna njia nyingine? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ukiwa raia wa Oman, ipo E-2, viza ya wawekezaji kutoka nchi zenye mkataba na Marekani. Congo ya Kinshasa nayo imo. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Haina kiwango maalumu, ila mtaji uwe mkubwa ukilinganishwa na gharama za biashara, na umiliki angalau nusu yake au uiongoze. Unaingia kwa hadi miaka 2 kila mara, na yenyewe haizai kadi ya kijani.

Wapo wanaoshawishiwa kununua uraia wa Grenada, ambayo nayo imo, ili waipate E-2. Tangu Desemba 2022, aliyepata uraia kwa uwekezaji lazima kwanza awe na makazi nchini humo kwa miaka 3 mfululizo.