Rudi kwenye kile kitabu cha shule

Kidato cha sita nilijibu swali la riwaya kwa kutumia Vuta N'kuvute, nikapata alama nzuri, na kitabu chenyewe sikuwa nimekimaliza. Nilikuwa na madesa: kurasa kumi na mbili zilizotolewa kopi juu ya kopi mpaka wino ukafifia. Dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, kufaulu kwake na kutofaulu kwake. Nilizikariri zote. Mtihani ulipokwisha nikajiapiza kutogusa tena riwaya ya Kiswahili, na kwa karibu miaka tisa sikuigusa. Nilikuwa nasoma sana, lakini vya Kiingereza tu.

Kilichonirudisha ni nakala chakavu niliyoikuta kwenye turubai kando ya njia, Posta, Dar es Salaam, imelala katikati ya vitabu vya hesabu na vya dini. Nililipa shilingi elfu tatu. Ndani, mwanafunzi nisiyemjua alikuwa amepiga mistari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwa herufi kubwa: NDOA YA KULAZIMISHWA. Mbele kidogo: NAFASI YA MWANAMKE. Kisha, kabla ya katikati ya kitabu, wino mwekundu unakoma na haurudi tena. Nilimhurumia, nikajihurumia na mimi.

Kwamba Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa mwenye duka wa umri wa kuwa baba yake, hilo nilikuwa nalijua toka shule. Nisiyemjua alikuwa Mwajuma. Madesa yangu yalimpa mstari mmoja: "rafiki wa Yasmin, mhusika msaidizi". Kumbe watu wa Yasmin wanapomkataa, anayemfungulia mlango ni huyu mwanamke wa Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, asiye na mali yoyote, tena katika Zanzibar ya kikoloni, ambako Mhindi na Mwafrika walitakiwa kila mmoja akae kwake. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikamfikiria rafiki yangu aliyenipokea nilipokuja Dar sina kazi. Tulilala kitanda kimoja miezi saba, chumba cha kupanga, Temeke, na hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Nikiwa na miaka kumi na tisa ningemwonaje Mwajuma? Nilikuwa sijapokelewa na mtu bado.

Ndiyo maana nakushauri, kama uliwahi kuichukia riwaya ya Kiswahili darasani, irudie. Anza na ile uliyoichukia zaidi. Hukuisoma, uliipasua kama chura wa maabara, na hakuna anayempenda chura baada ya hapo.

Ukirudi, usishike kalamu. Mimi wiki ya kwanza mkono ulikuwa unatafuta kalamu wenyewe, na kila aya nilikuwa najiuliza mwandishi anatufundisha nini. Ilinichukua kurasa nyingi kuacha. Maneno usiyoyajua yapite, mengi yatajieleza mbele ya safari. Yakikushinda kabisa muulize mtu kabla ya kufungua kamusi. Maneno ya Kiunguja niliyaulizia kwa jirani yangu, mama wa Kizanzibari, na kila neno moja alinilipa kwa kisa kizima.

Na vingine visome kwa sauti. Hili nililigundua Tanga, nilipokwenda kumuuguza babu. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, redio imeharibika, na kwenye mkoba wangu kulikuwa na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Shuleni kitabu hiki kilikuwa kinanilaza. Sentensi zake ndefu, zinakwenda mbili mbili kama mishororo, zikirudia jambo lile lile kwa sura nyingine. Kwa macho peke yake zinachosha. Nilipozitamka nikasikia kwa nini zimekaa vile: aliyeziandika ni mshairi. Babu, ambaye naye ni mtu wa Tanga kama Shaaban, alikuwa anatikisa kichwa kabla sijafika mwisho wa sentensi, kana kwamba anajua pale itakapotua.

Tulipofika Karama anapojitetea barazani, mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, babu akanisimamisha.

"Rudia hapo, mjukuu wangu."

Nikarudia.

"Huyo hasemi na mfalme wa Kusadikika. Anasema na Mwingereza. Sisi tulijua."

Darasani tuliandika kwamba riwaya hii ni fumbo juu ya ukoloni, tukapata maksi zetu. Lakini kulisikia hilo "sisi tulijua" kutoka kwa mzee aliyekuwa kijana wakati ule, kukaniondolea usingizi wote uliokuwa umebaki kwenye kile kitabu.

Sisemi kila kitabu cha shule kitakufungukia. Kipo kimoja nilichokirudia mara mbili, na mara zote mbili nilikiona ni hotuba iliyovishwa majina ya watu. Nimekigawa. Ukifika kurasa hamsini na moyo haujaingia, gawa na wewe, hakuna msahihishaji.

Lipo neno linalonikera, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiandike kitabuni. Wanaolisema wamesahau haraka. Wazazi wetu, miaka ya 1970 na 1980, walisoma visa vya mpelelezi Willy Gamba mpaka majalada yakaachia, nakala moja ikizunguka mtaa mzima. Hakuna aliyewatungia mtihani. Mimi naamini kusoma kwetu kuliumizwa na mambo mawili makubwa: bei ya kitabu ukilinganisha na mkate, na hii tabia ya kumkabidhi mtoto majibu kabla hajakutana na hadithi. La kwanza liko nje ya uwezo wangu. La pili nimeanza kulipigania nyumbani.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu na amepewa Watoto wa Mama N'tilie. Alikuja kwangu likizo akiwa na madesa tayari, safi, yamebanwa kwa pini. Nikamwomba kitu kimoja tu: akisome kitabu mara moja mpaka mwisho kabla ya kuyafungua. Alinung'unika, nami nikamwacha anung'unike. Siku ya tatu akanifuata jikoni.

"Mama mdogo, huyu mama anapika, anauza, mume mlevi, watoto wanafukuzwa shule. Kwani alikuwa analala saa ngapi?"

Nikamwambia sijui, mwanangu, kitabuni hakuna saa, kamuulize mama n'tilie wa pale kituoni. Nilidhani atapuuza. Alikwenda kesho yake asubuhi na hela ya chapati mbili, akakaa kwenye benchi lake karibu saa nzima. Aliporudi aliniambia yule mama hulala saa tano usiku na kuamka saa tisa, na kwamba ana binti anayesoma darasa la sita, na binti naye ameomba kuazima kitabu.

Tumempelekea ile nakala jana.