Jembe Hawajakupa kwa Sababu Hujaliomba

Maswali ya wasomaji. Anajibu Bibi Mkunga, kutoka Masasi

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa miaka 24, nimezaliwa Makete. Mume wangu ni mwinjilisti, ana miaka 27. Kanisa letu limetutuma Msumbiji, mkoa wa Nampula, kwenye kijiji cha Wamakua, na sasa tumefikisha miezi minane. Siku za mwanzo watu walijaa uani kutwa nzima. Walikuwa wanaomba sukari, sabuni, na kuchaji simu kwenye sola yetu, na tuliwapa. Jumapili ya kwanza walikuja ibadani watu sitini. Jumapili iliyopita walikuwa tisa, na wanne kati yao ni watoto. Mume wangu anahubiri kwa Kireno cha kuungaunga, kijana mmoja anatafsiri, na watu wanacheka mahali ambapo hakuna cha kuchekesha. Maji tunamlipa mvulana mwenye baiskeli atuletee, ili nipate muda wa kufundisha wanawake kusoma. Wanawake wenyewe hawaji. Nikipita wananyamaza. Nyumbani wanadai ripoti kila mwezi, waliobatizwa ni wangapi. Nina mimba ya miezi mitano. Usiku nalia, na mume wangu anajifanya amelala. Bibi, tukirudi tutakuwa tumemkimbia Mungu?*

*Mama wa Makete*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa peke yangu jikoni, nikaisoma kwa sauti, nikajikuta naongea nawe kama vile umekaa kwenye kigoda mbele yangu.

Tuanze na hiyo mimba, maana nilikuwa mkunga kabla sijawa mke wa mwinjilisti. Umetoka Makete kwenye baridi, ambako mtu anaweza kukua bila kuijua malaria vizuri. Mwili wako hauna kinga kama ya wanawake unaokaa nao, na mama mjamzito malaria humvamia kwa nguvu zaidi. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata usiku wa joto. Kliniki usikose, na uulizie vile vidonge vya SP vya kukinga malaria, ambavyo mjamzito hupewa kuanzia mwezi wa nne, kila hudhurio, mwezi ukipita kati ya dozi na dozi. Kama hujaanza, nenda wiki hii. Homa ikikushika usiku, mumeo asisubiri kupambazuke mara mbili. Atafute usafiri ukapimwe. Na mwezi wa saba wa mimba usiishe kabla hamjajua utajifungulia wapi na nani atakufikisha. Mvua za huko zikianza, barabara inaweza kukatika siku hiyohiyo unayoihitaji.

Sasa nikueleze yaliyonipata.

Mimi ni Mmakua wa Masasi. Mwaka 1995 mimi na marehemu mume wangu tulivuka Ruvuma kwa mtumbwi, Daraja la Umoja bado ni ndoto, na mkataba wa amani wa Roma, uliomaliza vita vya Msumbiji, ulikuwa na miaka 3 tu. Tulionywa tusitoke nje ya njia iliyokanyagwa kwa sababu ya mabomu ya ardhini. Nilikwenda na kiburi kimoja ambacho wewe huna: nilidhani lugha naijua. Nilipofungua mdomo wanawake wakaangua kicheko. Kimakua changu kilikuwa kimechanganyika na Kiswahili na Kiyao, na mahali pengine nilikuwa nasema kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kicheko cha ibadani kisikuume sana. Muulize yule kijana mtafsiri ni neno gani lililochekesha, mliandike, mcheke pamoja naye.

Tulifika na magunia mawili ya chumvi na katoni za sabuni. Vita vilikuwa vimewanyima chumvi miaka mingi, nikaona nitawafurahisha. Mwezi wa kwanza nikagawa kwa kikombe, nyumba kwa nyumba. Mwezi wa pili kukawa na ugomvi, fulani kapata viwili, fulani kapata kimoja. Mwezi wa tatu chumvi ikaisha, na uani pakawa peupe. Nililia kama unavyolia, na mume wangu naye alikuwa bingwa wa kujifanya amelala. Usimkasirikie mumeo. Mwanamume aliyetumwa na kanisa zima, akapigiwa na vigelegele siku ya kuagwa, anaona haya kulia mbele ya mke.

Kilichotuokoa ni njaa. Fedha zetu zilikwama njiani wiki sita. Tulikuwa tunakula wali ndani, pazia limeshushwa, tukidhani tunawaepusha majirani na tamaa. Wali ukaisha. Siku moja mchana nilichukua ungo nikaenda nyumba ya pili, miguu mizito, nikamwambia mama mwenye nyumba, "Dada, hatuna kitu." Hakushangaa. Alinijazia makopa ya muhogo mkavu, akaweka juu yake fungu la kisamvu, akanipa na mchi wake kwa kuwa sikuwa na wangu. Nilitwanga mpaka viganja vikapasuka. Binti yake alinitazama, akaja akanishika mikono, akanionyesha kuuachia mchi ukiwa juu, uanguke wenyewe.

Kesho yake, alfajiri, akaja mama mzee, dada wa mwene, yaani mkuu wa kijiji. Cheo chake wanakiita apwiyamwene, mama wa ukoo, na mwene haamui jambo zito bila yeye. Mkononi alikuwa na jembe, lile la mpini mfupi, bapa limeliwa na udongo likabaki kama kiganja. Akaniambia, "Tulikuwa hatujui kama mnakula." Akanipeleka kwenye kipande cha shamba kando ya mawe makubwa, akakata mistari miwili kwa kisigino chake, hapa mpaka hapa ni pako.

Methali yetu ya mgeni siku mbili na ya tatu jembe unaijua. Sisi tulikuwa na miezi mitano na hakuna aliyetupa jembe, kwa sababu hatukuwahi kuonekana tunahitaji shamba, wala maji, wala mtu. Nanyi ndivyo mlivyo sasa. Mna sola, mna sukari, mna mvulana wa baiskeli. Hebu fikiri kisimani: wanawake wenzako wote hukutana pale asubuhi, habari za mgonjwa, za mtoto, za mume, za mahari na misiba husemwa pale, na ndoo yako inaletwa na mvulana. Kwa macho yao umekataa kusimama nao. Hukukusudia hivyo, najua. Lakini darasa lako la kusoma halitapata mwanafunzi mpaka wewe uwe mwanafunzi wa kisima.

Basi fanya hivi. Mlipe yule mvulana mwezi wake wote, mshukuru, umwambie maji utafuata mwenyewe. Kwa mimba hiyo chukua ndoo ndogo, ya lita kumi haizidi. Watakuonea huruma wakubebee, nawe kubali kubebewa. Toa jiko nje. Kula ukiwa umekaa kwenye mkeka uani, pazia lipandishwe. Kisha nenda kwa apwiyamwene wa hapo mlipo, piga magoti kama walivyo mabinti wa pale, mwombe shamba na jembe. Usilime kama mtu anayeshindana. Lima kidogo, jua likipanda rudi.

Na mwombe akufundishe muhogo. Hili nalisema kama mkunga pia. Muhogo wa kule mwingi ni mchungu na una sumu, na sumu hiyo hutoka kwa kuuchachusha na kuuanika siku nyingi, kila nyumba na utaratibu wake. Mwaka 1981, mkoani humohumo, ukame uliwabana watu wakafupisha zile siku, na zaidi ya watu 1,000 wakapooza miguu, wengi watoto na akina mama. Wanauita ugonjwa huo mantakassa. Nilipofika nilikuta wasichana waliokuwa wakitembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, na fimbo mkononi. Wanawake wa kule wana elimu ambayo mimi na cheti changu cha uuguzi sikuwa nayo. Ukienda kuiomba, wewe ndiye utakayekuwa darasani.

Kuhusu mumeo kuna jambo ambalo pengine hamjaambiwa. Kwa Wamakua ukoo unafuata mama. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe na kulima kwa mama mkwe, na mwenye kauli juu ya watoto ni mjomba wao. Sasa amekuja kijana, hana mkwe pale, hana mjomba, hana dada, amesimama mbele ya wazee anawafundisha. Wanajiuliza huyu ni wa nani. Aende kwa mzee mmoja wa heshima, si lazima awe Mkristo, amwombe awe mjomba wake hapo kijijini. Atapewa kazi: kuezeka paa, kuchimba kaburi, kusafiri na mgonjwa. Azifanye. Wetu alikuwa Mwislamu, na siku mume wangu aliposhikwa na homa kali huyo mzee alimbeba kwa baiskeli kilomita nyingi, akalala naye zahanati siku mbili.

Tena, mumeo aache kuhubiri mpaka Pasaka. Nasema kwa moyo mweupe. Asome Biblia kwa lugha yao, polepole, na yule kijana amsahihishe hadharani. Wale tisa wanatosha. Aanze na maneno ya adabu: asante ni *koxukhuru*, na hiyo x isomwe kama sh. Ukiisikiliza vizuri utasikia shukuru yetu imejificha mle ndani.

Hapa nigeuke kidogo kwa wazee wa kanisa wanaosoma ukurasa huu. Wazee wangu, shikamooni. Hiyo ripoti ya kila mwezi ya waliobatizwa inawaua hawa watoto. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wake mchanga. Akaendelea kukaa, akajifunza Kiswahili neno kwa neno. Kwa miaka mingi waliobatizwa mikononi mwake walihesabika kwa vidole, na kamusi yake ilichapwa 1882, yeye mwenyewe amekwisha kufa. Angeandika nini kwenye fomu yenu? Hapa kwetu Masasi misheni ilianza 1876, na ilipita miaka mingi kabla Askofu Lucas hajakaa na wazee wetu wakakubaliana namna ya kuweka sala ndani ya jando. Babu yangu alipita jando hilo. Waulizeni hawa vijana mwezi huu wamejifunza nini, wamemzika nani, wamekula kwa nani. Na fedha zao zifike kwa wakati. Mimi niliokolewa na njaa, lakini sitamwombea njaa mama mwenye mimba.

Umeniuliza kama kurudi ni kumkimbia Mungu. Hapana, mwanangu. Ukirudi Makete kujifungua kwa mama yako, hakuna mtu mwenye haki ya kukunyooshea kidole, na yule atakayekunyooshea nitumie jina lake. Ila usiondoke kabla hujaenda kuomba lile jembe. Nenda wiki hii, kisha uniandikie ulichojibiwa.

*Bibi, shikamoo. Nina miaka 23, niko chuo cha Biblia. Mwezi ujao naenda na mwenzangu kusini mwa Malawi, vijijini upande wa Mulanje, miaka miwili. Kila mtu ananipa orodha ya vitu vya kubeba na begi ni moja. Wewe ungebeba nini?*

*Kijana wa Chunya*

Marahaba, mjukuu wangu. Chandarua, na viatu vya wazi vinavyooshwa. Daftari mbili ngumu na penseli, maana wino huchuruzika mvua ikinyesha. Sindano na uzi mweusi na mweupe. Nakala za pasipoti, moja abaki nayo mwenzako. Spika ya muziki iache nyumbani. Utazikosa nyimbo za jioni za watu waliokuzunguka. Zawadi usibebe, utakuwa umesoma juu hapo yaliyonipata na chumvi.

Kitu kimoja usisahau: picha ya mama yako, iliyosafishwa kwenye karatasi, isiwe ya kwenye simu. Upande huo utawakuta Walomwe, ambao ni ndugu wa Wamakua, na ukoo wao nao unapita kwa mama. Watakuuliza mama yako ni nani kabla ya kukuuliza kanisa lako. Mimi nilikuwa na ya mama yangu, amekaa kwenye mkeka anachambua mbaazi. Ilizunguka nyumba kwa nyumba siku nne. Iliporudi kwangu kona moja ilikuwa na alama ya dole la unga, na wanawake watatu walikuwa wameshaanza kumwita dada.