Jibu: Mtoto akipiga kelele nafoka, halafu usiku nalia

Salaam dada, na pole sana. Unasema una ADHD (hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kuzingatia), ulikulia kwenye viboko, na sasa mwanao akipiga kelele jioni unafoka kabla hujajijua. Mimi ni baba wa wawili, niko Nkuhungu, Dodoma, nina usonji (autism), hali ya ubongo inayofanya kelele zinizidi haraka.

Kwanza angalia saa. Kwangu ilikuwa saa 12 jioni: redio ya jirani, upepo unagongesha bati, na sijala tangu asubuhi. Siku moja binti yangu alidondosha kikombe cha uji, nikamwona anakinga kichwa kwa mikono miwili. Ndivyo nilivyokuwa nakinga mimi. Tangu hapo nakula saa 10, na kelele zikinizidi namwambia, "Baba anatoka uani, anarudi." Narudi kweli, hapo usikosee. Nikifoka namwomba radhi siku hiyohiyo. Wazee watashangaa, waache washangae.

Majeraha ya utotoni hayakupona kwa hayo. Nilikaa na mshauri wa saikolojia miezi mingi. Kwa hapa Dodoma, ulizia Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Dawa za ADHD sijawahi kutumia, hilo muulize daktari.

Leo jioni umekula saa ngapi?