Maswali ya Wasomaji: Chungu cha kunukia mlangoni wakati wa baridi

SWALI: Assalaam aleikum. Naishi Leicester, Uingereza. Mlango wangu unaelekea kaskazini, jua halifiki. Asumini niliyoiacha nje ilikufa kwa baridi mpaka shinani. Nataka chungu kimoja chenye rangi na harufu kuanzia Oktoba. Nipande nini?
Msomaji, Leicester

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Asumini ya vikuba haihimili barafu. Ukipata nyingine, iingize ndani kabla joto la usiku halijashuka chini ya nyuzi 10, uiweke dirisha lenye mwanga mwingi na upunguze maji.

Kwa mlangoni, mti wa kwanza uwe sarkokoka. Lebo isome Sarcococca confusa. Hupenda kivuli na haupukutishi majani. Maua yake meupe ni madogo mno, lakini kati ya Desemba na Machi mgeni huisikia harufu kabla hajabisha hodi. Rangi ya Oktoba itatoka kwa skimia aina ya Rubella: vitumba vyake vya rangi nyekundu iliyoiva hukaa hivyo baridi nzima, kisha hufunguka na kunukia majira ya kuchipua. Rubella ni dume, kwa hiyo usingoje matunda.

Chungu kiwe na upana na kina cha sentimita 40, kiwe cha aina isiyopasuka kwa barafu, na matundu ya kutosha chini. Changanya sehemu 3 za udongo wa chunguni na 1 ya changarawe ndogo. Weka sarkokoka moja na skimia moja kwa kina kilekile zilichokuwa nacho kwenye vikopo vya dukani. Katikati fukia vitunguu 5 vya ua la haisinthi, sentimita 10 kwenda chini, kwa ajili ya harufu ya Machi na Aprili. Vaa glavu, kwani huwasha mikono. Vina sumu pia, kwa hiyo visikae jikoni karibu na vitunguu vya mchuzi! Pembeni panda saiklameni ndogo 3, lebo isome Cyclamen coum, zikae juujuu. Huchanua waridi kuanzia Januari hivi. Zile saiklameni za maua makubwa zinazouzwa kama pambo la sebuleni barafu huziua, hata kama bei yake inavutia. Maliza yote kufikia katikati ya Oktoba, mizizi ishike udongo ungali na vuguvugu.

Vyungu vingi vya baridi hufa kwa maji, ama kuzidi ama kukosekana. Usiweke kisahani chini. Kiinue chungu kwa vipande 3 vya kigae maji yapite. Lakini kikiwa chini ya upenu, mvua haikifikii, na watu hudhani imekinywesha. Chomeka kidole: pakiwa pakavu sentimita 3 chini, mwagilia asubuhi siku isiyo na barafu. Mbolea ingoje Machi. Skimia haipendi chokaa. Maji ya bomba yakiacha ukoko mweupe kwenye birika, kinga maji ya mvua.

SWALI: Asumini yangu ya kwenye ndoo ina majani ya njano, mishipa tu ndiyo kijani. Nimetia majivu, imezidi. Kulikoni?
Msomaji, Tanga

JIBU: Acha majivu leo hii. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Udongo wa mawe ya matumbawe na maji mengi ya visima vya pwani vina chokaa, na chokaa huyafunga madini hayo mizizi isiyapate; majivu huongeza palepale. Hamishia kwenye udongo mwekundu sehemu 3, samadi iliyooza 2 na mchanga wa mto 1. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Kipupwe kikiisha, kata theluthi ya matawi, maana maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Urea weka mbali: utapata majani tele, kikuba hakuna.